Namba Zenye Mstari Chini

Mtaani kwao kila mtu alimwita Fundi. Alikuwa na cherehani moja, meza moja ya kukatia, na chumba cha mbele kilichotazamana na barabara. Ukutani kulikuwa na misumari minane. Kwenye kila msumari alitundika karatasi za kukatia nguo: ya mkono wa shati, ya kola, ya mfuko, ya kiuno cha suruali.

Mteja akija, Fundi alimpima kwa futi yake na kuandika vipimo kwenye daftari. Kipimo ambacho mteja amekithibitisha, alikipigia mstari chini. Ndiyo ilikuwa kawaida yake tangu aanze kazi. Kipimo kisicho na mstari, bado kina maneno. Chenye mstari, mkasi upite.

Tena alikuwa mwanamke wa maswali. Hakuweza kuona kitu asichokijua akanyamaza. Mumewe alimwambia mara nyingi, "Wewe, siku moja utamuuliza maiti amelalaje." Fundi alicheka, kisha akauliza swali lingine.

Mume huyo alikuwa nahodha wa boti ya abiria. Boti ilibeba watu ishirini na wanne, kutoka mjini mpaka kisiwa cha ng'ambo. Kwa miaka tisa Nahodha alienda na kurudi kwa njia ile ile. "Njia hii naipita nimefumba macho," alizoea kusema. Na ni kweli, alijua kila mwamba. Ila aliijua njia hiyo moja tu.

Waliishi na mama yake Nahodha. Bibi huyu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kila kitu alikiona kama kimefunikwa na moshi.

"Mkwe wangu," alimwambia Fundi asubuhi moja, "leo umevaa gauni jekundu, au umejifunga pazia?"

"Ni la buluu, mama."

"Haya bwana. Kumbe hata rangi zimenikimbia."

Hospitali ya macho ilikuwa kule kisiwani. Daktari alikuwa amempangia Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi. Angepasuliwa jicho moja kwanza. Mama alihesabu siku kwa vidole. Alitamani kuona nyuso za watu wake kabla hajazeeka zaidi, na alilisema hilo waziwazi, bila aibu.

Jumanne jioni Nahodha alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni.

"Kuna habari," alisema. "Gati la kisiwani linafungwa, linajengwa upya. Kuanzia Jumamosi tutashusha watu gati jipya, lile la nyuma ya kisiwa, jirani na hospitali."

"Umewahi kupita huko?" aliuliza Fundi.

"Sijawahi."

"Sasa utapitaje?"

"Si kuna ile karatasi? Ile kopi ya ramani ya bahari aliyonipa mwenye boti mwaka jana. Nyeusi na nyeupe, ina namba namba. Uliiweka wapi?"

Mkasi wa Fundi ukasimama katikati ya kitambaa. Akatazama misumari yake ukutani.

"Karatasi ipi?"

"Mke wangu, usiniulize karatasi ipi."

"Ulisema nitoe makaratasi njiani."

"Nilisema uyatoe njiani. Sikusema uyashone!"

Walikitafuta kilichobaki. Kilikuwa chini ya meza, kimekunjwa. Sehemu ya katikati ilikuwa nzima, lakini kando zote zilikuwa zimekatwa.

"Kando zake ziko wapi?"

"Zimekuwa viuno vya suruali," alisema Fundi polepole. "Na ile kona ya chini, kushoto, imekuwa mfuko wa shati. Karatasi ilikuwa ngumu nzuri."

Mama, pale kitini, alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwanangu, wewe hukuoa mke. Umeoa mkasi."

Nahodha akatikisa kichwa. "Si kitu. Bahari iko katikati. Kando kuna nini? Mistari tu."

Wakaitandaza mezani. Fundi akasahau kushona. Akainama juu ya karatasi ile kama mtoto aliyeona kisima.

"Hizi namba ni nini?"

"Kina cha maji. Kwa mita."

"Sawa. Na hizi hapa zenye mstari chini?"

Nahodha akakuna kidevu. Hakujua. Lakini mwanamume kuulizwa na mkewe mbele ya mama yake, halafu aseme sijui, ni mtihani.

"Wewe unaonaje?" alisema.

"Mimi nikipiga mstari chini ya kipimo, maana yake kimethibitishwa."

"Basi ndiyo hivyo hivyo. Wamepima mara mbili, wakathibitisha."

Jambo likaishia hapo. Nyuma ya kisiwa kulikuwa na fungu kubwa la miamba. Njia moja ilizunguka kwa nje, ilikuwa ndefu. Lakini katikati ya miamba palionekana upenyo, na ndani ya upenyo zilipangwa namba: mbili, mbili, mbili. Zote zilikuwa na mstari chini.

"Tumbo la boti yetu linazama mita moja na robo tu," alisema Nahodha. "Hapa kuna mita mbili zilizothibitishwa. Tutaokoa nusu saa."

Fundi akachukua chaki yake ya buluu, akachora njia katikati ya upenyo. Mstari ulinyooka vizuri. Alijivunia kidogo, na nani angemlaumu?

Alhamisi mchana aliingia mteja, mwanamke mrefu mwenye miwani. Alifanya kazi bandarini, katika ofisi ya ramani za bahari. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na wino wa zambarau siku zote, havitakati hata kwa sabuni. Kwa hiyo watu walimwita Bi Zambarau, naye aliitika.

"Fundi, sketi ya sare inanibana. Sijui ni mimi nimenenepa au ni kitambaa kimerudi."

"Kitambaa, Bi Zambarau. Siku zote ni kitambaa."

Wakacheka. Fundi akampima kiuno, akaenda ukutani, akatwaa ukanda wa karatasi. Bi Zambarau alipouona, akaushika, akausogeza karibu na miwani.

"Ngoja kwanza. Mbona kiuno hiki kimeandikwa digrii na dakika?"

"Nami nilijiuliza! Nikasema, dakika za nini, na hakuna saa?"

"Dada, hii ni kando ya ramani ya bahari."

Fundi akaona haya. "Ni ya mume wangu. Nilidhani kando hakuna kitu."

"Hakuna kitu? Hii ndiyo futi ya baharia!" Bi Zambarau akautandaza ukanda mezani. "Tazama. Hii ni kando ya kulia, inayosimama wima. Kila dakika moja hapa ni maili moja ya baharini. Baharia anapima njia yake kwa bikari, halafu anailetea bikari hapa kando, anasoma ni maili ngapi. Ukiikata, umemkata futi."

"Na ile kando ya chini? Nayo ina dakika."

"Ina, lakini haipimi maili. Ile ni ya kuonyesha tu uko wapi, mashariki au magharibi. Wengi wanakosea hapo."

"Kama futi yangu," alisema Fundi. "Upande huu inchi, upande huu sentimita. Ukichanganya, suruali inatoka kaptula."

"Umeshanielewa kuliko wanafunzi wangu wengine."

Fundi alifurahi. Akakimbilia msumari wa tatu, akaleta karatasi ya mfuko. "Na hii je? Ilikuwa kona ya chini, kushoto."

Bi Zambarau akaisoma, akaguna. "Hapa huandikwa masahihisho. Bahari haikai, Fundi. Mchanga unahama, boya linasogezwa, taa inazimwa. Kila wiki yanatoka matangazo kwa mabaharia. Sisi tunayasoma, tunasahihisha ramani kwa kalamu ya zambarau, kisha tunaandika namba ya tangazo kwenye kona hii. Mfuko wako unasema ramani hii ilisahihishwa mara ya mwisho miaka kumi na moja iliyopita."

"Kumi na moja!"

"Tena ni kopi. Kopi haina rangi, na rangi zina maana. Hii si ya kusafiria. Ziache suruali ziivae."

Fundi alikuwa na hamu ya kujua zaidi. Swali la mwisho aliliuliza kwa furaha kabisa, kama mtu anayejua jibu na anataka kusifiwa.

"Na zile namba zenye mstari chini, ni vipimo vilivyothibitishwa, sivyo?"

Bi Zambarau akavua miwani.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna. Nimejiambia mwenyewe."

"Dada, namba yenye mstari chini si kina cha maji. Ni kimo. Hapo pana mwamba au mchanga unaotoka nje maji yakipwa. Mbili yenye mstari ni mwamba unaosimama mita mbili juu ya maji, bahari ikipwa kabisa."

Fundi akainama. Akavuta ile ramani chini ya meza, akaikunjua. Mstari wa chaki ya buluu ulikuwa pale pale, umenyooka, juu ya mbili, mbili, mbili.

"Nani anapita hapa?" aliuliza Bi Zambarau.

"Mume wangu. Jumamosi. Na watu ishirini na wanne, mmoja wao mama mkwe wangu."

"Saa ngapi?"

"Wanaondoka saa tatu asubuhi. Hapo watafika kama saa tatu na dakika arobaini."

Bi Zambarau akatoa kijitabu kwenye mkoba. "Hili ni jedwali la maji kujaa na kupwa. Kina cha kwenye ramani ni cha maji yakipwa kabisa. Ukitaka kujua maji ya saa fulani, unatazama humu, unaongeza." Akapitisha kidole. "Jumamosi, saa ile, maji yatakuwa yamepanda mita mbili na nusu. Mwamba una kimo cha mita mbili. Toa."

"Nusu mita," alisema Fundi.

"Maji ya goti. Mwamba utakuwa umefunikwa, hauonekani, hasa sasa mvua zimetia maji udongo. Na boti yenu inataka mita moja na robo."

Fundi akakaa kwenye kigoda. Miaka yote alikuwa akisema mkasi hauombi radhi, ukishakata umekata. Kumbe na chaki nayo.

Jioni ile hakusubiri mumewe avue viatu. Alimweleza yote pale pale mlangoni: mwamba, kimo, maji ya goti. Nahodha alisikiliza, uso ukakunjamana.

"Kwa hiyo karani wa makaratasi anifundishe mimi bahari? Miaka tisa sijagusa hata changarawe!"

"Miaka tisa ya njia ile. Hii huijui."

"Mbona juzi ulisema zimethibitishwa?"

"Ndiyo, nilisema. Kosa ni langu. Mimi najua mashati, sijui miamba, lakini nilisema kama ninayejua. Nimeogopa, mume wangu. Tangu mchana sijashona hata kifungo. Naona mstari wangu wa chaki tu."

Nahodha akainama kuvua viatu. Alikuwa hajazoea kumwona mkewe hivyo.

Mama alikuwa kitini kwake. Akasema bila kupaza sauti, "Mwanangu, mimi sioni, ndiyo maana napelekwa hospitali. Wewe unayeona, unashindwaje kwenda kutazama?"

"Mama..."

"Kuuliza si ujinga. Mimi nilimuuliza mkwe wangu rangi ya gauni, na sikupungua kilo."

Nahodha akacheka bila kupenda. "Haya," alisema. "Kesho. Lakini twende wote. Maswali yako ndiyo yametufikisha hapa, uje uyamalize."

Ijumaa asubuhi waliingia ofisi ya ramani. Kilikuwa chumba kirefu chenye meza pana. Kulikuwa na makabati ya droo nyembamba, na ndani ya kila droo ramani zimelala bapa, hazikunjwi. Juu ya meza palikuwa na bikari, rula mbili zilizoungana, raba, penseli laini, na kalamu za zambarau ndani ya kikombe. Nahodha alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Karibu, Nahodha," alisema Bi Zambarau. "Nimesikia hujapata kugusa changarawe miaka tisa. Wengi walioketi hapa hawawezi kusema hivyo."

Kofia ikatulia kidogo. Nahodha akasogea.

Bi Zambarau akavuta droo, akatoa ramani ya nyuma ya kisiwa. Hii ilikuwa nzima, na ilikuwa na rangi. Fundi alitamka "Lahaula!" bila kujijua.

"Usianze na bahari," alisema Bi Zambarau. "Anza na maandishi. Jina la ramani. Kina kimeandikwa kwa mita au kwa kipimo kingine? Imechapwa lini? Imesahihishwa mpaka wiki gani? Ukishajua hayo ndipo utazame katikati."

"Na rangi?" aliuliza Fundi.

"Njano ni nchi kavu. Nyeupe ni maji ya kina kirefu. Buluu ni maji ya kina kifupi, kuwa macho. Na kijani?"

Nahodha alikuwa ameinama. Kidole chake kilikuwa juu ya upenyo ule. Wote ulikuwa kijani, na ndani yake mbili, mbili, mbili, kila moja na mstari wake.

"Kijani ni panapokauka," alisema kwa sauti ndogo.

"Maji yakipwa, unaweza kutembea hapo kwa viatu vyako."

Nahodha akakaa kitini. Akafuta uso kwa kofia. "Ramani ya simu yangu inaonyesha bahari yote buluu," alisema, "kama kitambaa kisicho na mshono. Na ile kopi haikuwa na rangi. Ningeingia hapa, mama yangu akiwa amekaa mbele." Wanawake hawakumharakisha.

Aliposema tena, aliuliza swali. Kisha la pili. Kisha hakukamatika. Alama hii kama msalaba ni nini? Bi Zambarau akampa kitabu cha alama. "Hakuna anayezijua zote kichwani," alisema. "Usikisie. Fungua kitabu." Taa ya gati jipya inamulikaje? Iko kwenye orodha ya taa: mmuliko mmoja mwekundu kila sekunde nne. Mkondo wa maji unavutia wapi? Kuna kitabu cha maelekezo ya njia, kinaeleza hata upande wa kufungia boti.

"Jamani," alisema Fundi, "nilidhani ni mimi mwenye maswali katika nyumba hii."

"Tulia, mke wangu. Niko kazini."

Akashika bikari, akapima njia ya nje, ile ndefu. Kisha akaishusha bikari kwenye kando ya chini ya ramani.

"Siyo hapo!" walisema wanawake wote wawili kwa pamoja.

Fundi akamsogeza mkono taratibu mpaka kando ya kulia. "Hapa. Huku chini ni inchi, hapa ndiyo sentimita." Bi Zambarau aligeuka dirishani ili acheke vizuri.

Wakachora njia kwa penseli, nje ya kijani, nje ya miamba yote. Sehemu moja, karibu na gati, ramani ilionyesha mita moja na nusu. Kwa jedwali, saa ya kufika, maji yangeongeza mbili na nusu. Jumla ni mita nne. Boti inataka moja na robo. Kisha wakapiga hesabu ya kurudi, saa tisa alasiri, maji yakiwa yameongeza nusu mita tu. Jumla ni mita mbili.

"Inabaki robo tatu ya mita chini ya boti," alisema Nahodha. "Panapitika."

"Panapitika, lakini polepole," alisema Bi Zambarau. "Mawimbi yanaweza kukushusha. Siku zote bakiza."

"Ndiyo pindo," alisema Fundi. "Hukati juu ya chaki yenyewe."

Karibu na gati palikuwa na boya lililochorwa upya kwa wino wa zambarau. Lilikuwa limesogezwa wiki tatu tu zilizopita.

Walipokuwa wanaondoka, Nahodha alisita. "Bi mkubwa, ramani yenu ya njia ya zamani ina kosa. Kwenye kona ya pili kuna fungu la mchanga. Limekua miaka miwili sasa. Hapa mmeandika mita tano. Nilipopima mwezi uliopita kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, hazifiki tatu."

Bi Zambarau hakubisha. Alifungua droo, akatoa fomu. "Keti tena. Mahali, tarehe, saa, ulipima kwa kifaa gani. Taarifa hii itakwenda kwa wapimaji. Unadhani matangazo yanatoka wapi? Yanatoka kwa watu kama wewe."

Nahodha aliandika fomu ile kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika. Mchana huo huo alimwendea mwenye boti. Mwenye boti alinunua ramani mpya na jedwali shingo upande, akinung'unikia njia ndefu. Lakini alinunua.

Jumamosi, saa tatu kamili, boti iliondoka. Mama alikaa mbele, kitambaa cheupe kichwani. Fundi alikaa ubavuni kwake. Ramani ilikuwa karibu na usukani, chini ya plastiki, kando zake zote zipo.

Walipofika nyuma ya kisiwa, upenyo ukatokea upande wa kushoto. Maji yalikuwa yametulia, mapana, ya rangi ya chai. Hapakuwa na jiwe. Hapakuwa na povu. Abiria mmoja mwenye mkoba wa ngozi akanyoosha mkono.

"Nahodha, si ungekata hapo katikati? Tunachelewa."

"Hapo hapapitiki."

"Hapapitiki nini? Maji yote yale!"

Wengine wakamuunga mkono. Mmoja alisema kumbe nahodha huyu kazoea njia moja tu, kwingine ni mwoga. Wakacheka. Nahodha jasho lilimtoka, lakini usukani haukugeuka. Fundi naye alitazama maji yale matulivu, na moyo ukamwuma kwa shaka. Je, kama Bi Zambarau amekosea? Je, kama wameaibika bure? Alitaka sana kujua, na hapakuwa na njia ya kujua.

Walifika gatini saa nne na dakika kumi. Mama aliwahi zamu yake.

Saa tisa alasiri walipanda boti kurudi. Mama alikuwa amefungwa bandeji jicho moja, na lile jingine bado lina moshi wake. Abiria walikuwa karibu wale wale. Yule wa mkoba alikuwa anasimulia jambo kwa sauti. Boti ilipozunguka miamba, akakata maneno katikati. Boti nzima ikanyamaza, ikabaki injini.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza Mama. "Mkwe wangu, kuna nini?"

Fundi alikuwa ameukazia macho upenyo.

"Mama," alisema, "naangalia ile njia niliyoichora kwa chaki."

"Ikoje?"

"Ndege wanatembea juu yake."

Mwamba ulikuwa nje, mweusi, mrefu, umejaa meno. Ulifika kifuani kwa mtu mzima. Ulianza upande mmoja wa upenyo ukaishia upande wa pili. Ndege weupe walikuwa wakidonoa juu yake bila haraka. Mama alipapasa mpaka akaupata mkono wa Fundi, akaushika, hakuuachia mpaka mjini. Yule wa mkoba alivua kofia. Alimwendea Nahodha pale usukanini, akasema, "Samahani, kaka." Nahodha akamjibu, "Hata mimi nisingejua. Niliuliza."

Siku zikapita. Wiki ya tatu, fomu ya Nahodha ilirudi ikiwa tangazo: fungu la mchanga, kona ya pili, mita mbili na nusu. Nahodha alilisoma mara nne. Bi Zambarau alimpa kalamu aliandike mwenyewe kwenye ramani yake, na tangu hapo kila Jumatatu jioni mume na mke waliinama mezani. Mmoja alisoma tangazo, mwingine alipima na kuandika. Fundi naye, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la vipimo, aliandika maana ya kila alama anayotumia, ili mtu mwingine akilishika asikisie.

Jumatatu moja Mama aliingia chumbani bila fimbo. Jicho la kwanza lilikuwa limepona. Alisimama nyuma yao, akatazama ramani, akatazama kikombe cha kalamu, akatazama mikono ya mkwewe.

"Mkwe wangu, vidole vyako vina nini?"

"Ni wino, mama. Wa..."

"Usiniambie," alisema Mama. "Wa zambarau."